Kambare wa Miaka ya Baba

Taoyuan, Taiwan
12 Januari 1998

Baba, shikamoo.

Barua yako ya Desemba nimeipata, na ile pilipili kavu uliyoificha ndani ya soksi imefika salama. Wenzangu wa bwenini wamepiga chafya siku mbili nzima, wanasema baba yangu ananichukia. Nimewaambia kwetu ndivyo tunavyopendana.

Huku baridi kali. Mashine za nyuzi hazisimami, kwa hiyo na sisi hatusimami, lakini afya ninayo na mkataba umebaki mwaka na nusu. Ukutani nimebandika picha ya ukingo wetu wa mto: miti mikubwa imevaa majoho ya kitawa, na wewe umekaa kwenye ngazi za hekalu umeficha mkono wenye vidole vitatu, kama kawaida yako mbele ya kamera. Msichana mmoja wa hapa aliniuliza miti inavalishwa nguo kwa nini. Nikamwambia imetawazwa utawa, anayeukata mti ule amemkata mtawa. Akacheka, halafu akaacha kucheka.

Sasa sikiliza. Tarehe 9 mwezi ujao unatimiza miaka sitini na mitatu. Nimemwandikia shangazi Khamnoi afanye kama kila mwaka: anunue kambare hai sokoni, mmoja kwa kila mwaka wako na mmoja wa nyongeza, akawaachie mtoni pale kwenye ngazi. Usianze kulalamika. Mwaka ule ulipokohoa damu nikawaachia wale wa kwanza kwa mkono wangu mwenyewe, wiki iliyofuata uliamka ukaomba wali. Mimi si mjinga, naona kinachofanya kazi. Shangazi anasema siku hizi nusu ya kijiji wanawafanyia wazee wao hivyo hivyo, na watu wa mjini wanakuja na ndoo zao. Moyo wangu unatulia nikijua kila samaki aliyeponea kisu anakuombea wewe.

Mtoto wako,
Phai

*

Ban Wang Sai
8 Machi 1998

Mwanangu Phai,

Marahaba. Shangazi yako amewaachia kambare sitini na wanne, siku yenyewe, mbele ya mtawa mkuu. Nilipiga magoti nikapokea baraka. Ahsante, mama.

Habari kubwa ni kwamba ofisi ya mkoa inataka kuifanya sehemu yetu bustani rasmi. Walikuja vijana wawili na kamba, wakapima ukingo kuanzia mti wa kwanza mpaka kwenye mwamba, pamoja na kilindi chote. Patajengwa banda la wageni, vyoo, na ubao mkubwa wenye historia ya mahali. Mwenyekiti Prasong akasema mimi ndiye niwasimulie, maana mlinzi wa kilindi ni mimi tangu siku kilipofungwa.

Nikawasimulia. Magogo yalivyokuwa yakishushwa mtoni kila wiki mpaka ukingo ukaanza kumomonyoka. Tulivyovua kwa baruti, na mimi nikiwa fundi wao mkubwa, mpaka siku baruti moja iliponiwahi mkononi. Samaki wakaisha kabisa. Watu tuliozaliwa mtoni tukawa tunanunua samaki wa makopo. Ndipo mwaka 1990 mtawa mkuu akaivika miti mia moja na kumi majoho, na sisi wenye nyumba tukanywa maji ya kiapo pale pale kwenye ngazi, kwamba hakuna atakayevua kilindini tena. Kijana mmoja aliuliza wazo lilikuwa la nani. Nikamwambia lilikuwa la mwenye dhambi nyingi kuliko wote. Akaliandika hivyo hivyo, sijui kama alielewa.

Samaki wetu wa asili, kuyu, wale wakubwa wapo, urefu wa mkono, wageni wanawatupia chakula na kupiga kelele. Wadogo siku hizi siwaoni sana. Huenda ni joto.

Mwakani shangazi yako asihangaike na samaki. Toa joho kwa mtawa, au mafuta ya taa za hekalu. Thawabu ni ile ile.

Baba yako,
Inpan

*

Taoyuan
2 Aprili 1998

Baba, shikamoo.

Nilijua tu. Nikituma blanketi, unasema unaona joto. Nikituma dawa, unasema umeshapona. Sasa nakutolea samaki, unasema eti toa mafuta. Unanionea huruma mimi na mshahara wangu, na mimi sitaki kuonewa huruma na mzee anayelala na dirisha wazi akiwa na kifua kibovu. Halafu kikohozi hukukitaja hata mara moja, na nakujua. Usipokitaja maana yake kimerudi.

Kwa hiyo nimeongeza. Nimemwambia shangazi kwenye sikukuu ya mwaka mpya ya mwezi huu, watu wakimwagiana maji, awaachie mia moja. Ugomvi utaniletea nikirudi.

Nimefurahi sana kuhusu ubao. Jina lako likiandikwa nataka picha, na safari hii uutoe mkono wako nje.

Phai wako

*

Ban Wang Sai
10 Mei 1998

Mwanangu,

Hujambo. Sisi hatujambo. Mvua zimeanza mapema, maji ya mto yamekuwa ya udongo.

Ulinzi wa kilindi nimeuacha. Miguu hainisaidii tena, ngazi ni nyingi. Wamemweka mpwa wa Prasong. Ubao unaendelea vizuri, wanasema utakuwa mzuri.

Kambare mia moja waliachiwa. Ahsante.

Baba yako,
Inpan

*

Ban Wang Sai
17 Mei 1998

Phai, mwanangu,

Nimekaa na kalamu siku tatu. Baba yako najua amekuandikia, maana alikuja kuniomba stempu, na nilipomwuliza amemwambia mtoto nini, akasema miguu. Miguu yake ni mizima. Ingekuwa mibovu asingeingia mtoni.

Bora uyasikie kwangu kuliko kwa watu. Tarehe 28 Aprili mpwa mwingine wa Prasong alikuwa anaingia utawa, kijiji kizima kilikuwa hekaluni mchana ule, ngoma zinalia. Wageni wawili kutoka mjini walikuwa wanatembea ukingoni, wakamwona mzee ndani ya maji mpaka kiunoni anarusha wavu wa kimia. Wakadhani ni maonyesho ya bustani. Wakampiga picha, wakapanda ngazi kuja kumwuliza mwenyekiti kama na wao wanaruhusiwa kuvua. Ngoma zilinyamaza moja baada ya nyingine.

Tulishuka wote. Alikuwa amesimama pale na kimia begani, kikapu kikielea pembeni, samaki kumi na tisa ndani. Prasong akamwuliza, "Baba Inpan, ni nini hiki?" Baba yako akajibu, "Nimevua." Basi. Hakuongeza neno, hakuomba radhi, alipanda ngazi akitiririka maji akaenda nyumbani. Mtu mwenye vidole vitatu kwa sababu ya mto huu. Watu wanasema mvuvi wa baruti haachi, alikuwa amelala tu.

Wamemwondoa kwenye ulinzi na jina lake wamelitoa kwenye ubao kabla rangi haijapakwa. Hilo ningelimeza. Lakini unajua maneno ya kiapo, ulikuwepo ukimshikia bakuli: atakayevua hapa, kijiji kisibebe jeneza lake. Na kukohoa anakohoa, Phai. Safari hii nasikia mpaka kwangu, ng'ambo ya ua. Akifa leo nani atambeba, mimi na paka?

Na hata wizi wenyewe hakuujua. Kilindi kimejaa kuyu wanono, yeye kikapuni ana kambare watupu, samaki wa kununua sokoni kwa bei ya mchicha. Nimeona aibu mara mbili.

Shangazi yako,
Khamnoi

*

Taoyuan
30 Mei 1998

Baba,

Salamu sijaandika kwa sababu sijui ninayemsalimia ni nani.

Miguu, umesema. Malai wa kijiji cha juu, tunalala naye chumba kimoja, mama yake alimwandikia habari ile ile wiki moja kabla sijaipata. Alinificha kwa huruma. Nilikuwa namsimulia habari za ubao, yeye akawa ananiangalia tu.

Mtoto wa mama Somjai alitia ndoano moja kilindini, moja, alikuwa na miaka kumi na miwili. Ulimtoza mama yake faini mbele ya watu. Mama alilia, ukamwambia kiapo hakiangalii umri. Nilikuwa nimesimama nyuma yako nikajisikia fahari. Leo nasema nini?

Kama ulikuwa na njaa ungeniambia. Kila mwezi natuma. Sielewi mzee anayetumiwa kila mwezi anakwenda kuiba samaki wa hekalu kwa ajili gani.

Picha nimeibandua ukutani.

Phai

*

Taoyuan
7 Juni 1998

Baba, shikamoo.

Kama barua yangu ya tarehe 30 haijafika, ukiiona usiifungue. Itie motoni.

Jana nilikuwa zamu ya mchana, nyuzi zinapita mbele ya macho, na maneno ya shangazi yakawa yananirudia. Kambare watupu. Nikasimamisha mashine bila kujua, msimamizi akanifokea. Baba, nimekulia kwenye mtumbwi wako. Kimia ukikirusha kinatoa kila kilichopo, hakichagui. Kilindi kimejaa kuyu na ningu. Umepataje kambare kumi na tisa bila kuyu hata mmoja? Lazima ulikuwa unawatoa wengine nyavuni mmoja mmoja na kuwarudisha majini. Mwizi hafanyi hivyo. Kazi hiyo ndiyo iliyokuchelewesha mpaka wale wa mjini wakakukuta.

Halafu nikasoma tena ya kwako ya Machi. Kuyu wadogo siwaoni. Shangazi yako asihangaike na samaki. Nikajibu kwamba unaniona maskini, nikaongeza mia.

Niambie ukweli. Nimeshaujua nusu, na hiyo nusu inaniumiza vya kutosha. Usinipunguzie.

Mtoto wako,
Phai

*

Ban Wang Sai
5 Julai 1998

Mwanangu,

Ya tarehe 30 ilitangulia, na niliifungua, kwa kuwa niliuona mwandiko wako nikafurahi. Nimeisoma. Tusiizungumze tena.

Ukweli nilitaka kuondoka nao. Umeufikia mwenyewe, kwa hiyo nikikataa sasa nitakuwa nakudanganya mara ya pili.

Mwaka jana, maji yakiwa madogo, nilimkuta kambare amekufa kwenye ngazi ya chini. Nikampasua nione ameuawa na nini. Tumboni alikuwa na watoto wa kuyu thelathini na zaidi. Mwezi uliofuata nikapata mwingine, hivyo hivyo. Nikaanza kukaa pale kwenye changarawe wanapotagia kuyu. Kambare wanawangojea hapo kama watu kwenye foleni ya mchele. Mayai wanakula, watoto wanakula. Kuyu wakubwa unaowaona ni wale wa zamani, wageni wanawashangilia, lakini nyuma yao hakuna mtu. Wakizeeka hao, mto umekwisha tena, na safari hii bila baruti.

Machi nilikwenda kwenye kamati. Niliwaomba tusimamishe kuachia kambare. Prasong akaniuliza kama namaanisha mama yake, aliyemwachilia marehemu mume wake kambare themanini, alitenda dhambi. Na mama mwenyewe, Mama Thongdi, alikuwa amekaa mbele yangu na macho yamemjaa machozi. Sikuweza kusema ndiyo. Mwingine akasema naona wivu kwa kuwa bustani sasa inakuwa ya wote. Nikarudi nyumbani.

Nikaona niwatoe mwenyewe, kidogo kidogo, siku za ibada watu wakiwa juu. Niliingia mara sita kabla hawajanikuta. Kuyu na ningu niliwarudisha, umekisia sawa. Kambare sikula hata mmoja, niliwafukia nyuma ya nyumba. Na nitakuambia kitu, Phai, maana umesema nisikupunguzie. Kila nilipomshika mmoja nilijua huyu ni mwaka wangu, mwanangu amemnunua ili niishi. Niliogopa. Nilimwomba radhi, nikamtia kikapuni.

Waliponiuliza nilisema nimevua kwa sababu nilivua. Ningejieleza, wangeuliza nani alianza. Wewe ndiye uliyeanza. Uliwaachia wale wa kwanza, mimi nikapona, na kila mwenye mgonjwa akakimbilia sokoni. Ndiyo maana nakukataza kusema. Mimi nimeitwa mengi, hili la mwizi nitalizoea. Wewe kosa lako ni kunipenda, na sitaki urudi kijijini watu wakunyooshee kidole kwa hilo. Jeneza nalo lisikuhangaishe, aliyelala ndani haoni nani kalibeba.

Kinachoniuma ni kimoja. Bustani itafunguliwa Novemba, na nimesoma tangazo pale hekaluni. Mgeni rasmi kutoka mkoani ataachia kambare mia tisa tisini na tisa.

Baba yako,
Inpan

*

Taoyuan
20 Septemba 1998

Shangazi, shikamoo.

Ndani ya bahasha hii kuna nyingine, imeandikwa kwa kijiji kizima. Naomba uisome kwa sauti kwenye mkutano, kabla ya ufunguzi. Wewe isome kwanza peke yako, ukiwa umekaa.

Baba amenikataza. Mwambie nimemkaidi kwa makusudi. Nimekaa na neno hili zaidi ya miezi miwili, na sitakuficha, sikunyamaza kwa utiifu. Niliogopa. Nilikuwa najiuliza nitapita vipi njia ya hekaluni. Halafu nikafikiri jinsi yeye anavyopita njia hiyo kila siku.

Phai

*Bahasha ya ndani:*

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu wa Ban Wang Sai, nawapigia magoti.

Mimi ni Sriphai, mtoto wa Inpan. Kambare nimewaleta mimi kilindini. Mwaka 1995 nilimwachilia baba yangu kambare sitini na mmoja, na alipopona niliwaambia wote niliokutana nao njiani ni kwa sababu hiyo. Mliniamini, mkafanya kwa ajili ya wazazi wenu, kama nilivyofanya kwa ajili ya wangu. Hakuna aliyekusudia ubaya.

Kambare hao wanakula mayai na watoto wa samaki wetu. Baba yangu aliwaona, akaja kuwaambia, hamkumsikiliza. Akaingia majini kuwatoa. Mlimkuta na kambare kumi na tisa. Kumbukeni vizuri: mlimwona na kuyu? Mlimwona na ningu? Aliponyamaza alikuwa ananificha mimi.

Msiniamini mimi, mimi ni mtoto wake. Shukeni kwenye changarawe na wavu wa matundu madogo, mtafute mtoto wa kuyu. Mkimpata hata mmoja, mimi ni mwongo na yeye ni mwizi. Msipompata, wale mia tisa tisini na tisa naomba wapelekwe kwingine.

Kuhusu kiapo, mimi nilitangulia kukivunja. Sikuvua, lakini nilimtia anayevua kila siku bila kupumzika. Kama kuna jeneza lisilostahili kubebwa, liwe langu, mumbebe baba yangu.

Sriphai

*

Ban Wang Sai
26 Novemba 1998

Phai, mwanangu,

Utanisamehe. Barua ilifika mwanzoni mwa Oktoba, nikaificha ndani ya chungu cha mchele mwezi mzima. Wewe ulinunua, lakini aliyemimina ndoo ni nani? Mkono huu. Kila mwaka, nimevaa sketi yangu nzuri, natabasamu. Nilikukasirikia sana. Nilitamani kuwachomea barua yenu, wewe na baba yako, na ukaidi wenu mmoja.

Siku tatu kabla ya ufunguzi kulikuwa na mkutano kwenye ukumbi wa hekalu, kupanga viti vya wageni. Nikasimama. Nilipofika kwenye maneno "hamkumsikiliza" Prasong akasema hayo si ya leo, nikae. Mtawa mkuu akamwambia aniache nimalize. Nikasoma mpaka mwisho. Baba yako hakuwepo, huwa haji tena mikutanoni.

Prasong ni mtu wa kiburi lakini si mwongo. Alivua shati akashuka mwenyewe, pamoja na wale vijana wawili wa mkoani, wakiburuta wavu mdogo kwenye changarawe. Tulikaa ukingoni chini ya miti tukiwatazama tangu saa saba hadi jua likaanza kushuka. Walitoa majani, kokoto, kaa, na kambare wanne. Mtoto wa kuyu hakuonekana. Wakajaribu na upande wa mwamba. Hakuonekana.

Tuliporudi juu Mama Thongdi alimwuliza mtawa mkuu kama mume wake amepoteza thawabu zile themanini. Mtawa mkuu akamjibu taratibu kwamba upendo aliomwachilia nao umeshafika, lakini samaki lazima watoke. Yeye mwenyewe alikuwa anafuta macho, maana ndiye aliyekuwa akiwabariki wote. Mama Thongdi akakaa kidogo, halafu akasema, "Basi hapa hakuna wa kumbeba mwenzake. Kiapo tumekivunja wote." Ana miaka themanini na mmoja. Mwanawe Prasong alipita mbele yetu bila kuvaa shati, akaenda moja kwa moja nyumbani kwa baba yako. Waliyozungumza siyajui, mlango ulifungwa.

Kambare wa mgeni rasmi walikuwa wameshafika kwenye mapipa, na mwenye kuwauza hakukubali kuwachukua tena. Wamemiminwa bwawani kwa Prasong nyuma ya banda la nguruwe, na sasa mwenyekiti wetu ana kambare mia tisa na uso mzito. Mgeni akaombwa afunge joho kwenye mti badala yake. Alifunga vizuri, hakuuliza.

Baada ya hapo kilindi kilifunguliwa siku tatu, kwa kengele ya hekalu, kambare tu. Vijana hawajui kukirusha kimia bila kumuumiza kuyu, ikabidi wamwite yeye. Walimbeba kwenye kiti mpaka ngazi ya kati, kifua hakimruhusu kuingia majini. Aliwafokea kutwa kama zamani, na hicho kimkono chake kikielekeza huku na huku. Nililia nyuma ya banda la wageni asinione.

Usidhani yote yamekwisha. Ubao umeshapakwa na jina lake halimo, wanasema rangi imekwisha na bajeti imefungwa. Somjai anasema mwizi ni mwizi, faini ya mwanawe nani atairudisha. Na kambare hawakwisha, watachukua miaka.

Shangazi yako,
Khamnoi

*

Ban Wang Sai
15 Desemba 1998

Phai,

Umenikaidi. Nilikasirika siku mbili, ya tatu nikachoka.

Siku ya mwisho ya kuvua, Prasong na mama yake walikuja na kambare mmoja wamemchoma kwenye jani la mgomba, na wali wa kunata, na pilipili. Wakaja na wengine, nyumba ikajaa. Samaki akawekwa katikati, na hakuna aliyenyoosha mkono. Kila mmoja aliwaza huyu ni wa nani, ni mwaka wa baba wa nani. Wote wakanitazama mimi. Nikamega kipande nikala. Alikuwa mnono, mtamu kuliko nilivyotegemea. Ndipo na wao wakala, kimya kimya, kama kwenye msiba. Mama Thongdi aliomba kichwa.

Shangazi yako amekuandikia habari za ubao. Mimi sina haja nao. Wageni wanausoma wakiwa wamegeuzia mto mgongo.

Umesema nisikupunguzie, basi hili nalo nisikufiche. Damu imerudi tangu Februari. Daktari wa wilaya amepiga picha ya kifua, amesema pafu moja limekwisha na lingine linajaribu. Sikukuambia kwa sababu ningekuambia ungetuma samaki.

Sasa usitume kitu. Usimwandikie shangazi yako, usitume mtu sokoni. Huko chini wamebaki wengi, na baadhi yao ni wako, siwezi tena kuwatofautisha. Nimewahi kukuambia mara nyingi usihangaike, usije, nauli ni kubwa, mkataba ni mkataba. Yote hayo nilikuwa naongopa. Nikisikia gari linasimama barabarani natoka kuangalia.

Februari tarehe 9. Ukitaka nifike sitini na nne, njoo nyumbani.

Baba yako,
Inpan